Mwanachuo Aliyefuta Saini Yake

Mimi si Mkatoliki. Nimelelewa usharikani, kipaimara nimepata Kilutheri, na Jumapili nikiamka mapema nakwenda ibada ya Kilutheri. Naanza na hilo ili mtu asije akasema natangaza dini kwenye jarida la wanafunzi wote. Ninachotaka kuongea hapa ni saini. Ila kuna mfiadini mmoja wa Kikatoliki ambaye kila nikifikiria habari ya saini ananijia kichwani, na bila yeye nisingekuwa na ujasiri wa kuandika haya.

Nimemjua kupitia rumeti wangu. Rumeti ana kitabu cha watakatifu wa kila siku, na ana tabia ya kukisoma kwa sauti asubuhi wakati mwenzake natafuta soksi. Tarehe 1 Desemba mwaka jana, ilikuwa wiki ya test, mimi nimelalia desa tangu usiku, akasoma: Edmund Campion, padre Mjesuiti, aliuawa London mwaka 1581. Nikamwambia kaka, hao wa Ulaya mimi siwajui, mimi najua wale wa Namugongo. Akacheka, akasema, "Huyu alikuwa mwanachuo bwana. Tena alikuwa na ufadhili, wakamminya, akauachia."

Hapo nikaweka desa chini.

Kijana wa kubebwa

Campion alizaliwa London mwaka 1540. Baba yake alikuwa muuza vitabu, kwa hiyo hakuwa mtoto wa kigogo. Kilichomtoa ni kichwa chake. Mwaka 1553, akiwa na miaka 13, ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya Kilatini mbele ya Malkia Mary alipokuwa anaingia London. Chama cha wafanyabiashara wa vyakula na viungo wa mji huo kikamdhamini masomo. Akapata nafasi St John's, Oxford, chuo ambacho tajiri mmoja, Sir Thomas White, alikuwa amekianzisha mwaka 1555 tu.

Oxford akawa staa, na hapa sitii chumvi. Wanafunzi waliiga anavyoongea, anavyotembea, hata anavyovaa, mpaka kundi zima likaanza kuitwa kwa jina lake. Mwaka 1566 Malkia Elizabeth wa Kwanza alipotembelea chuo, Campion alikuwa mmoja wa waliochaguliwa kujadili mbele yake. Mada yake ilikuwa ni namna mwezi unavyosababisha maji ya bahari kupwa na kujaa. Malkia akapendezwa. Robert Dudley, Earl wa Leicester, ambaye alikuwa mtu wa karibu sana na malkia na pia ndiye Mkuu wa Chuo, akaahidi kumshika mkono. Kwa lugha yetu ya hapa, jamaa alipata koneksheni ya ikulu kabla hajafikisha miaka 27.

Sasa, nchi yenyewe ilikuwa katika hali gani? Mfalme Henry wa Nane alijitenga na Papa mwaka 1534. Binti yake Mary akairudisha nchi kwa Papa. Mary alipofariki mwaka 1558, mdogo wake Elizabeth akaitoa tena. Mwaka 1559 ikapitishwa sheria kwamba viongozi wa serikali, viongozi wa dini na wanaochukua shahada vyuoni waape kumtambua malkia kuwa msimamizi mkuu wa Kanisa nchini. Ukigoma, cheo hupati na shahada hupati.

Campion aliapa.

Hiki ndicho kilichonishika. Nilikuwa nadhani mfiadini ni mtu anayezaliwa hivyo, akiwa mdogo tayari ana msimamo, akiulizwa mara moja tu anasema hapana na simba anafunguliwa. Huyu alisema ndiyo. Alikula kiapo na shahada akachukua. Mwishoni mwa miaka ya 1560 akakubali hata kupewa ushemasi katika Kanisa la malkia, huku moyoni tayari ana wasiwasi. Alikuwa anasoma sana maandishi ya Mababa wa Kanisa wa karne za mwanzo, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoona kwamba kile alichokiapia sicho anachokiamini. Ushemasi ule ukamtesa roho kwa miaka.

Na minong'ono haikosekani chuoni. Mwaka 1568 wale wafanyabiashara waliomdhamini walisikia kwamba kijana wao anayumba. Wakamtaka ahubiri hadharani kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la St Paul, London, ili wajue yuko upande gani. Akaomba muda. Mwisho akaona hawezi kusimama mbele ya watu aseme asichokiamini, na hawezi pia kusimama aseme anachokiamini. Akauachia udhamini. Ujasiri wake wa kwanza ulikuwa mdogo tu kama huo: kukubali kukosa hela kuliko kuongeza uongo juu ya uongo.

Saini yangu

Sasa niseme kwa nini jambo hili lilinitoa kwenye desa.

Kabla ya kuja hapa nilisoma diploma kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Muhula mmoja kulikuwa na somo ambalo mwalimu wake alionekana darasani mara chache mno, vidole vya mkono mmoja vilitosha kuzihesabu. Mtihani ulipokuja, zaidi ya nusu ya darasa tukapata sapu. CR wetu, dada mmoja mtulivu sana, akaandika barua ya malalamiko. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Mimi ndiye niliyeichapa barua ile kwa kidole kimoja kimoja pale stationery, na darasa zima tukaweka majina.

Wiki iliyofuata tukaanza kuitwa ofisini, mmoja mmoja. Nilipoingia nikakuta karatasi imeshachapwa. Ilisema kwamba malalamiko yale si ya kweli na kwamba niliweka jina langu kwa kuchochewa na CR. Nafasi ya jina ilikuwa wazi, na kalamu imewekwa juu yake. Nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba matokeo yangu ya mwisho bado hayajapitishwa, na barua yangu ya kwenda field nayo bado haijatoka. Hakuna aliyenitishia kwa sauti. Hata chai nilikaribishwa.

Nilisaini, na halikuchukua hata dakika moja.

CR alikataa. Alisimamishwa mwaka mzima, na kwenye barua ya kumsimamisha waliandika kwamba wenzake wamethibitisha alivyowachochea. Mmoja wa hao wenzake ni mimi. Nyumbani kwao hawakuwa na uwezo wa kuanza upya, kwa hiyo hakurudi. Mimi nilimaliza, nikapata GPA ya kunileta hapa, na mkopo nikapata. Kila bumu likiingia kuna sekunde moja hivi ambayo huwa namkumbuka, kisha nakwenda kafeteria.

Naomba tuelewane. Silinganishi ofisi ile na mateso ya London. Pale hakuna aliyekufa. Nasema tu kwamba mashine ni ileile, ila ni ndogo. Mtu anakuwekea karatasi ya uongo mezani, anaweka maisha yako pembeni yake, kisha anakuachia kalamu. Baada ya hapo anaweza kusema hakukulazimisha.

Mkono mwingine

Rumeti aliponiona nimenyamaza alidhani nimeguswa na Ukatoliki. Nikamwambia subiri kwanza, na upande wenu vipi? Maana siku ile ile niliingia maktaba nikasoma yaliyotangulia. Malkia Mary, yule ambaye Campion mtoto alimhutubia kwa Kilatini, alikuwa Mkatoliki, na chini ya utawala wake Waprotestanti takriban 280 walichomwa moto kwa ajili ya imani yao. Watatu kati yao walichomewa Oxford: maaskofu Latimer na Ridley mwaka 1555, na Askofu Mkuu Thomas Cranmer mwaka 1556. Campion alipofika pale kusoma, watu walikuwa bado wanaoneshana mahali penyewe.

Cranmer naye alisaini. Alikuwa mzee, amefungwa, amelazimishwa kutazama wenzake wakichomwa. Wakamletea karatasi za kuikana imani yake, akasaini, si mara moja. Tarehe 21 Machi 1556 wakampeleka kanisa la St Mary, ambalo ndilo kanisa la chuo kikuu, ili asome kwa sauti kwamba amekana. Alipofika mahali penyewe akageuka, akasema anafuta yote aliyoyaandika kwa hofu ya kifo, na kwamba mkono wake uliosaini ndio utakaoungua kwanza. Walipomfikisha kwenye moto, akaunyoosha mkono wa kulia ndani ya ndimi za moto na kuushikilia pale.

Rumeti alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hawa wawili ni ndugu."

Nakubaliana naye, na ndiyo sababu nasema makala hii si ya dini. Ukitaka kuhesabu maiti kwa madhehebu, kila upande una hesabu yake na kila upande una aibu yake. Mimi nahesabu kitu kingine: waliosaini kwa hofu na baadaye wakapata nguvu ya kufuta. Hao ni wachache, na katika mji ule ule, ndani ya miaka 30, walikuwepo Mprotestanti mmoja na Mkatoliki mmoja.

Karatasi juu ya mabenchi

Campion aliondoka Oxford, akakaa Ayalandi kwa muda, na mwaka 1571 akavuka bahari kwenda Douai, ambako Waingereza Wakatoliki walikuwa na seminari yao. Kutoka hapo akatembea kwa miguu mpaka Roma, na mwaka 1573 akaingia Shirika la Yesu. Wakubwa wake wakampeleka Bohemia. Alifundisha Prague kwa miaka kadhaa, akapata upadri huko mwaka 1578. Angeweza kubaki pale. Alikuwa na wanafunzi, alikuwa na vitabu, na Prague hakuna aliyekuwa anamtafuta.

Mwaka 1580 akaitwa arudi Uingereza kwa siri. Mwezi Juni akatua Dover amevaa kama mfanyabiashara wa vito. Alishikwa pale pale, akahojiwa, akaachiwa. Kwa mwaka mmoja alizunguka nyumba kwa nyumba akitoa Misa usiku na kuondoka alfajiri, huku majina yakibadilika na nguo zikibadilika. Wakati huo sheria zilizidi kukazwa. Mwaka 1581 Bunge likapitisha kwamba kumshawishi mtu ahamie Ukatoliki ni uhaini, na asiyehudhuria ibada ya Kanisa la malkia atalipa faini ya pauni 20 kwa mwezi, kiasi ambacho mtu wa kawaida hakuwa nacho hata kwa mwaka.

Alichokifanya Campion katika hali hiyo kilikuwa cha kisomi kabisa. Aliandika barua fupi kwa Baraza la Malkia akiomba mdahalo. Akataka asikilizwe na makundi matatu: wajumbe wa Baraza wenyewe, wasomi wa vyuo vikuu, na wanasheria. Yeye atoe hoja, na wao wajibu. Barua ikanakiliwa kwa mkono ikasambaa nchi nzima.

Kisha akaandika kijitabu cha Kilatini chenye hoja kumi. Kikapigwa chapa kwa siri kwenye mtambo uliofichwa katika nyumba moja iitwayo Stonor Park, si mbali sana na Oxford. Tarehe 27 Juni 1581, siku ya sherehe za kitaaluma za chuo, wanafunzi na walimu walipoingia kanisa la St Mary walikuta nakala zaidi ya 300 juu ya mabenchi. Hakuna aliyemwona aliyeziweka. Ni kanisa lile lile la Cranmer.

Mtu yeyote aliyewahi kuingia lecture theatre asubuhi akakuta karatasi kwenye kila kiti anajua hali ya hewa inavyokuwa. Wengine wanacheka, wengine wanasoma haraka kabla hazijakusanywa, na wale wenye vyeo wanaanza kuuliza swali moja: nani kaandika? Hawaulizi kama yaliyoandikwa ni kweli.

Mdahalo wa mikono iliyovunjika

Alikamatwa wiki tatu baadaye. Mpelelezi mmoja, George Eliot, alijifanya muumini, akahudhuria Misa yake kwenye nyumba ya Lyford Grange, kisha akarudi na askari. Tarehe 17 Julai 1581 wakamkuta amejificha na mapadre wawili ndani ya ukuta. Akapitishwa katika mitaa ya London amefungwa juu ya farasi, kofiani wamembandika karatasi yenye maneno ya kumwita Mjesuiti mchochezi. Nilipofika kwenye neno hilo nilisimama kidogo. Mchochezi. Miaka zaidi ya 400 imepita na bado ndilo neno la kwanza ofisini.

Kwenye Mnara wa London alifungwa chumba kidogo ambacho mtu hawezi kusimama wala kulala sawasawa. Inasimuliwa kwamba Leicester, yule yule mlezi wake wa zamani, alimhoji, na akaahidiwa uhai na cheo kama atarudi upande wao. Alipokataa, akawekwa kwenye mashine ya kunyoosha viungo, zaidi ya mara moja.

Ndipo wakampa mdahalo aliouomba! Ni kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba 1581, na vikao vilikuwa vinne. Upande mmoja wasomi wa Kanisa la malkia na vitabu vyao mezani. Upande wa pili mtu aliyetoka kuteswa, bila kupewa muda wa kujiandaa, bila maktaba. Alilalamika kwamba huu sio mdahalo alioutaka, kisha akajibu hoja hivyo hivyo. Kati ya waliokuja kutazama alikuwepo kijana wa ukoo mkubwa, Philip Howard, Earl wa Arundel, ambaye alikuwa akiishi maisha ya starehe ikulu. Aliyoyasikia siku ile hayakumtoka. Miaka michache baadaye akawa Mkatoliki, na yeye mwenyewe akafia gerezani kwenye Mnara ule ule mwaka 1595.

Jambo moja hapa lazima nilitaje, kwa sababu ukiliacha unakuwa unasimulia mtakatifu wa sanamu. Kwenye ile mashine Campion alitaja baadhi ya nyumba zilizompokea, na watu wakakamatwa. Kwa hiyo hata mtu huyu, baada ya kufuta kiapo cha kwanza, mwili ulimshinda tena. Siku ya kifo chake, mbele ya umati, aliwaomba msamaha wale ambao majina yao aliyataja.

Alishtakiwa kwenye ukumbi wa Westminster mwezi Novemba. Mashtaka hayakuwa ya dini. Waliambiwa, yeye na wenzake, kwamba walikula njama Roma na Reims kumwondoa malkia. Siku ya kujibu mashtaka kila mshtakiwa alitakiwa kuinua mkono wa kulia. Wa Campion haukuinuka, viungo vilikuwa vimeharibika. Mwenzake mmoja akautoa kwenye mkono wa nguo, akaubusu, akamwinulia. Tarehe 1 Desemba 1581 akatundikwa Tyburn pamoja na Ralph Sherwin na Alexander Briant. Wote watatu walikuwa wamesoma Oxford. Kabla ya kufa alimwombea malkia, na alipoulizwa malkia yupi, akasema ni Elizabeth.

Lakini si alikuwa mwanasiasa?

Rafiki yangu wa darasani anayesoma sheria alinibana hapa, na alinibana vizuri. Alisema serikali ya Elizabeth haikuwa inaota ndoto. Mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alitangaza kwamba Elizabeth si malkia halali na kwamba raia hawalazimiki kumtii. Mwaka 1580, wakati Campion yuko Uingereza, askari walioungwa mkono na Papa walitua Ayalandi. Na Campion alipobanwa aseme kama Papa ana mamlaka ya kumwondoa malkia, hakutoa jibu la moja kwa moja. Alisema ni suala ambalo wasomi wenyewe wanabishania. Ungekuwa wewe ndiye serikali ungelala usingizi?

Ni hoja ya kweli na siifichi. Nakubali kwamba serikali ilikuwa na sababu ya kuogopa. Nakubali pia kwamba tangazo lile la Papa liliwaweka Wakatoliki wa kawaida kwenye moto ambao hawakuuwasha. Lakini hofu ya kweli haihalalishi ushahidi wa uongo. Wakubwa wa Campion walikuwa wamemkataza kujihusisha na siasa, na mahakamani hoja ya njama ilisimama juu ya maneno ya wapelelezi. Kama kosa lake lilikuwa imani, wangesema imani. Waliita uhaini kwa sababu hoja kumi zilikuwa juu ya mabenchi na walitaka watu waache kuzisoma.

Na tazama walichofanya baadaye. Mwaka ule ule wa 1581, Oxford, chini ya Leicester, iliweka sharti kwamba kijana anayejiunga na chuo asaini kuyakubali mafundisho ya Kanisa la malkia, yale ya ibara 39. Hawakujibu karatasi za kwenye mabenchi kwa karatasi bora zaidi, wakaamua kuanzia sasa kila anayeingia asaini mlangoni. Mpaka mwaka 1871 ndipo sheria ilipomaliza kuondoa masharti ya namna hiyo. Hiyo ni miaka 290. Leo pale pale Oxford kuna nyumba ya masomo ya Wajesuiti inayoitwa Campion Hall, na mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita alimtangaza Campion kuwa mtakatifu, pamoja na wenzake wa kundi la wafiadini 40 wa Uingereza na Wales. Chuo kilichukua karne tatu kujifunza kwamba saini ya kulazimishwa haimfanyi mtu aamini chochote. Inamfundisha tu kusaini.

Tunachoweza kufanya

Mimi nina mapendekezo manne kwa Bunge la wanafunzi, na sitaki yaishie kwenye kurasa hizi.

Moja, mwanafunzi yeyote akiitwa kutoa maelezo ya maandishi, asiwe peke yake. Aende na mwakilishi anayemtaka yeye.

Mbili, asisaini karatasi iliyochapwa na mtu mwingine siku ile ile aliyooneshwa. Apewe nakala, alale nayo usiku mmoja. Uongo mwingi unasainiwa kwa sababu ya haraka.

Tatu, malalamiko yakija, yajibiwe kwanza kabla ya kutafuta aliyeyaandika. Kama mwalimu hakuingia darasani, daftari la mahudhurio litaonesha. Kama aliingia, litaonesha pia, na walalamikaji tutaomba radhi.

Nne, kuwe na njia ya mtu kufuta alichokisaini kwa hofu, bila kuadhibiwa kwa kusema ukweli wa pili.

Na kabla hatujanyoosha vidole kwa wakubwa, tujitazame. Sisi wenyewe tuna magrupu ya darasa ambayo mtu akihoji matumizi ya mchango anatolewa dakika ile ile. Tuna siku za kukusanya majina ya kugoma ambapo asiyetaka kuandika jina anaitwa msaliti na hakaliwi naye meza moja kafeteria. Ile nayo ni karatasi, kalamu, na maisha ya mtu pembeni. Hatuwezi kudai kwa ofisi kile ambacho hatuwapi wenzetu.

Mwezi uliopita niliandika barua kwa chuo kile cha zamani. Ni fupi, aya mbili. Nimesema kwamba maelezo niliyosaini hayakuwa ya kweli, kwamba barua ya malalamiko niliichapa mimi kwa hiari yangu, na kwamba CR hakunichochea. Nimeweka jina na namba yangu ya usajili. Mpaka naandika haya hawajanijibu, na sijui watanijibu nini.

Nakala nilimtumia yeye. Siku hizi ana kibanda cha nguo za mtumba na mtoto mmoja. Nilikaa siku mbili naogopa kupiga simu, ya tatu nikapiga. Aliniacha niongee mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, "Umechelewa, kaka." Akanyamaza kidogo. "Ila hiyo barua nitaitunza."

Sikuwa na cha kuongeza, nikamwambia asante. Mteja alikuwa amefika, akakata simu.